Macho Hayana Pazia



Wazee wetu walisema kuwa macho hayana pazia, na walisema hivyo zamani, kabla mtu hajaanza kutembea na dirisha mkononi. Siku hizi karibu kila nyumba ina simu, na ndani ya simu mna masinia ya watu wa ulimwengu mzima. Leo nataka nikusimulie jambo lililonipata mimi mwenyewe, hapa hapa Tanga, kwa sababu ya macho yangu na simu yangu. Sikusimulii ili unicheke, ingawa ukicheka nitakusamehe. Nakusimulia ili nawe lisikupate.

Kwanza tukumbushane adabu moja ya chakula tuliyolelewa nayo. Mama zetu walipopika kitoweo chenye harufu, hawakukaa kula mpaka wamempakulia jirani japo kibakuli kimoja. Hawakulizua jambo hilo wao. Bwana Mtume (S.A.W.) alimuusia sahaba wake Abu Dharr kwamba apikapo mchuzi auzidishe maji, kisha awaangalie majirani zake. Tazama hekima ya usia huo. Harufu ya chungu haijui hodi. Hupanda ukuta, ikaingia kwa mjane na kwa yatima, ikaamsha njaa iliyokuwa imelala. Basi mwenye chungu ana deni kwa kila pua iliyofikiwa na harufu yake.

Lakini harufu ina mpaka. Hata upepo uvume vipi, harufu ya pilau yako itafika nyumba ya tano au ya sita, kisha itapotea. Picha haina mpaka huo. Ukilipiga picha sinia lako Ngamiani, kabla hujatia tonge la kwanza kinywani imekwisha kufika Pangani, imefika Unguja, imefika na Muscat. Deni la harufu tulijua namna ya kulilipa. Hili la picha tutalilipaje?

Sasa nisikilize.

Mwaka jana, mwisho wa Mfunguo Pili, nilimwoza binti yangu. Tulikuwa tumekwisha kupanga walima wa kiasi chetu: pilau ya nyama, kachumbari, na samaki kidogo wa kukaanga kwa wasiokula nyama. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, ikaja picha katika kundi letu la jamaa la WhatsApp. Ilikuwa ni picha ya harusi ya watu wa Dar es Salaam. Sinia limejaa pweza wa nazi, mwekundu kwa pilipili, na kando yake wamepangwa kambakoche kama askari wa gwaride. Mama watoto hakusema neno. Aliniwekea simu mbele yangu, akaenda zake jikoni. Wanangu ndio waliosema. "Baba, sisi ni watu wa pwani bwana. Wageni watoke kwetu hawajaonja hata pweza?"

Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, niliingiwa na haya. Sikumwonea haya Mola wangu wala mfuko wangu; niliionea haya ile picha. Nikamtafuta mwuzaji mmoja ambaye kila asubuhi hutangaza samaki wake kwa simu. Nilimwuliza jambo moja tu: bei. Ya kambakoche ilinishinda, nikaiacha. Pweza nikamwambia aniletee kilo thelathini. Akaniuliza, "Lini?" Nikamjibu, "Ijumaa." Hakuniambia bahari imekaaje, wala mimi sikumwuliza.

Nawe msomaji, kama wewe ni mtu wa pwani hii, wajua kuwa hilo lilikuwa swali la kuuliza. Mfunguo Pili ya mwaka jana ilituangukia katika masika, na kusi limekwisha kuanza. Ngalawa haziendi mbali, na samaki sokoni ni wachache. Zamani, mtu akienda sokoni siku kama hizo, alikwenda akijua atakula alichojaaliwa: vibua, uono, au mchunga na bada, akamshukuru Mungu. Soko lenyewe lilikuwa likimfundisha msimu. Simu haina kaskazi wala kusi. Picha iliyopigwa Desemba huonekana mbichi hata Mei.

Ijumaa alfajiri pweza wakaja ndani ya ndoo. Mpishi akawamwaga katika karai, akawageuza geuza, akaniambia, "Bwana, wengine hawa ni watoto." Nikatazama. Kweli walikuwamo ambao mmoja hakijazi kiganja cha mkono. Nikasema, "Wapike tu, tui litawafunika." Na kweli tui likawafunika. Walipokwisha kupakuliwa nikalipiga picha lile sinia, nikaiweka mahali ambapo kila mwenye namba yangu huona, na chini yake nikaandika Alhamdulillah. Hebu fikiri. Sinia limejaa kosa, nami nalifunika kwa jina la Mwenyezi Mungu kama nilivyolifunika kwa tui.

Miongoni mwa wageni wangu alikuwapo jirani yangu, nahodha wa zamani, mzee ambaye umri wake wote umekwisha baharini. Aliketi, akasema Bismillahi, akala pilau vizuri. Pweza akamsogeza kando ya sinia, asimguse. Wala hakusema kitu, kwani amefuata mwendo wa Bwana Mtume (S.A.W.) ambaye hakupata kukitia ila chakula, akikipenda hukila, asipokipenda hukiacha. Mimi niliudhika moyoni. Nikajiambia labda ni meno.

Siku ya tatu nikaenda barazani kwake, nikamkuta anashona wavu.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, mwanangu. Harusi imekwisha salama?"

"Alhamdulillah. Lakini nahodha, mbona pweza hukumgusa? Au hakuiva?"

Akafunga fundo la uzi, akalivuta likakaza. "Aliiva. Ila nilimjua."

"Pweza ulimjuaje?"

"Nilimjua umri wake. Tena hali ya bahari ilivyo sasa, pweza wengi kiasi kile hawapatikani kwetu ila mahali pamoja. Ni mwamba uliofungwa."

Ndipo akanieleza. Katika kijiji alikozaliwa, huko pwani ya Mkinga, watu walikubaliana katikati ya Mfunguo Mosi kuufunga mwamba mmoja kwa miezi mitatu ili pweza wakue. Wanaovua pweza mahali pale wengi ni wanawake, ambao hutoka kwa miguu maji ya bamvua yakipwa, na kijiti cha kuchokolea mkononi. Hao ndio waliokubali kuuacha mwamba wao katika siku ngumu za mwaka. Usiku mmoja mtu akaingia mle kwa wizi, akavua alichokipata, wakubwa kwa wadogo, akakileta mjini.

"Wewe hukuiba, mwanangu," akaniambia. "Lakini aliyeiba alijua kuwa mjini yuko mtu anataka kilo thelathini kwa Ijumaa."

Ndugu msomaji, maneno hayo sikuyalalia usingizi. Jumapili yake nikamwomba nahodha anichukue mpaka kijijini kwao nikawaombe radhi. Tukapokewa kwa heshima, tukapewa madafu. Kisha bibi mmoja, makamo ya mama yangu mzazi, akaniuliza, "Ndiwe baba wa bibi harusi?" Nikasema ndiyo. Akamwita mjukuu wake, akachukua simu, akanionyesha. Lilikuwa sinia langu! Picha niliyoiweka mimi ilichukuliwa na mpwa wangu, akampelekea shoga yake, shoga naye akaipeleka kwingine, mpaka ikafika katika mikono ya wanawake wale wale ambao kwa mwezi na nusu walikuwa wakiutazama mwamba wao kwa mbali, na watoto wao wakila muhogo kwa chumvi.

Hakunifokea. Alisema, "Sisi tulikuwa tumefunga, mwanangu. Wewe umefuturu kwa chakula chetu, na adhana bado."

Sijapata kusikia waadhi mfupi kuliko huo, wala mzito kuliko huo. Lugha yetu yenyewe imeyaunganisha mambo haya mawili: mwamba hufungwa, na mtu hufunga. Mwenye saumu huacha chakula ambacho kwa siku nyingine ni halali yake, akingojea wakati wake. Na watu wa mwamba uliofungwa huacha samaki ambao ni riziki yao, wakingojea wakati wao. Wote wawili hushinda na njaa kwa kutumaini. Nasi sote twamjua amlaye mchana mbele ya wenye kufunga tumwitaje.

Huenda ukauliza, miezi mitatu itafaa nini? Pweza si kama samaki wengine. Maisha yake ni mafupi, hayapiti sana mwaka mmoja. Lakini akuavyo ni ajabu. Katika miezi miwili mitatu tu uzito wake huongezeka mara kadhaa. Jike hutaga mara moja tu katika umri wake. Huingia pangoni, akayalinda mayai yake bila ya kula, na yakisha kuanguliwa hufa. Basi anayemchokoa pweza mdogo amekula kilo chache leo na amekata kizazi cha kesho. Kwa sababu hiyo kanuni za uvuvi za nchi yetu zimekataza pweza asiyefika nusu kilo. Desturi ya kufunga miamba ya pweza kwa muda ilianza kupata sifa katika kijiji cha Andavadoaka huko Madagascar mwaka 2004, kisha ikaenea. Ng'ambo yetu hapa Pemba, watu wa Kisiwa Panza ni miongoni mwa walioifuata. Na sisi watu wa Tanga si wageni wa jambo hili. Mradi wa hifadhi ya pwani ulioanza mkoani kwetu mwaka 1994 uliwakalisha wanavijiji na maofisa pamoja, na baadhi ya miamba ikafungwa kwa makubaliano ili ipumzike.

Tena sisi ndio tunaojua ubaya wa kutofunga. Nani katika rika langu asiyekumbuka mlio wa baruti? Ulikuwa umekaa Raskazone unapunga upepo, mara wasikia kishindo kutoka baharini, na watu wakaendelea na mazungumzo yao kama waliosikia mlango umefungwa. Baruti huua mkubwa na mdogo, ikapasua na mwamba wenyewe, na mwamba hauponi kwa mwaka mmoja wala kumi. Sheria ilikataza, lakini walaji tulinunua. Nyama imelegea, miba imevunjika ndani, nasi twasema bei ni nafuu. Baada ya msako mkali wa Serikali katikati ya miaka ya 2010, milio ilipungua sana, tunamshukuru Mungu. Lakini tusiseme kuwa kosa lilikuwa la mpiga baruti peke yake. Kila baruti ilikuwa na mwenye sufuria aliyekuwa akiingojea.

Na bahari hii tuliyokuwa tukiipasua ni amana kubwa. Humu ndimo anamoishi silikanti, samaki ambaye wataalamu wa dunia walidhani ametoweka zamani za kale, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika ya Kusini mwaka 1938. Wavuvi wetu wa Tanga wamemnasa mara nyingi katika majarife yao, na mwaka 2009 Serikali ikaweka hifadhi ya bahari hapa kwa ajili yake. Surat ar-Rum inatukumbusha kwamba uharibifu unaoonekana nchi kavu na baharini ni machumo ya mikono ya wanadamu. Zamani mkono huo ulishika baruti. Leo nao unaweza kuwa ule unaobonyeza simu kuagiza kilo thelathini.

Usinifahamu vibaya, ndugu yangu. Sisemi simu ni haramu, wala sikuambii uitupe mtoni Pangani. Nimeona kwa macho yangu mema yake. Vijana waliokuwa wakiona haya kula bada mbele ya wageni, sasa wanaipiga picha kwa fahari pamoja na kisamvu chake. Mlonge, ambao wengi tuliuona kuwa ni mti wa uani tu, umerudi chunguni kwa sababu ya simu. Akina mama wengi wanauza vitumbua na achari zao bila ya kutoka mlangoni. Hata kile kijiji cha Mkinga hupeana habari za siku ya kufunga na kufungua kwa simu hizo hizo.

Ila simu ina ila moja ambayo Waislamu tungepaswa kuwa wa kwanza kuitambua: haina isnadi. Maulamaa wetu, kama Imam Bukhari na Imam Muslim, hawakuipokea hadithi mpaka wamejua nani kaipokea kwa nani, na mtu huyo alikuwa wa namna gani. Surat al-Hujurat inatuamrisha tuchunguze habari tuletewayo na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Mimi mwenyewe nimeletewa ujumbe usemao nazi ni sumu ya moyo, na mwezi haukupita nikaletewa mwingine usemao nazi ni dawa ya kila kitu, na zote mbili zimeandikwa chini yake, watumie watu kumi. Nani kasema? Hakuna ajuaye. Mwaka 2020 wenye WhatsApp wenyewe walilazimika kuzuia ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi usipelekwe ila kwa mtu mmoja au kundi moja kwa wakati, kwa jinsi uzushi ulivyozidi.

Na chakula nacho kina isnadi yake. Pweza yule alitoka mwambani kwa mwizi, kwa mwizi kwa mchuuzi, kwa mchuuzi kwangu. Lau ningaliuliza, mnyororo ungalikatika mahali. Sikuuliza, kwa kuwa picha ilikuwa nzuri.

Tusisahau na israfu. Katika Surat al-A'raf Mola wetu ametuhalalishia kula na kunywa, na papo hapo akatukataza kupita kiasi. Bwana Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuwa tumbo, likiwa halina budi kujazwa, basi theluthi ni ya chakula, theluthi ya maji, na theluthi ya pumzi. Lakini sinia la kupigwa picha halipimwi kwa tumbo. Hupimwa kwa macho ya watu wasiokuwapo. Usiku ule wa walima, baada ya wageni kuondoka, nilimwona kijana akimwaga pweza shimoni. Wanawake wa mwamba walifunga, mwizi akavunja, nami nikanunua kwa fedha nyingi, na mwisho wake ni shimoni. Kama hiyo si israfu, basi neno hilo halina maana.

Tangu siku ile nimejiwekea sharti nyumbani kwangu, nami nakupa ulitazame kama litakufaa. Kabla hatujanunua kitoweo tunauliza: kimetoka wapi, kimevuliwa kwa kitu gani, na je, huu ndio wakati wake? Mwuzaji mwema hafichi, hufurahi kuulizwa. Asiyejua kujibu, twamwachia mali yake. Siku za kusi tunakula cha kusi, na dagaa hajawahi kumwua mtu kwa aibu. Kukipakuliwa twasema Bismillahi, simu ziko chumbani, chakula hakipoi kwa kungoja picha. Na chochote ambacho nisingeweza kumpelekea kibakuli mtu atakayekiona, sikirushi.

Katikati ya Mfunguo Nne, mwezi mpevu, mwamba ulifunguliwa. Nahodha akanichukua tena. Maji yalipopwa wanawake wakashuka, kanga zimefungwa viunoni, na watoto nyuma yao. Sitakueleza kilo, kwani mizani sikuishika mimi. Nitakueleza nilichokiona: yule bibi akirudi ufukweni na pweza wawili mabegani, mikono yao inaburura mchangani, na kicheko kinasikika mbali. Nikamwomba aniuzie mmoja. Akanipimia, nikamlipa. Mkono wangu ukaenda mfukoni kwenye simu, kwa mazoea, kisha nikaona haya nikaurudisha.

Bibi akaniona. "Huyu mpige picha," akasema. "Adhana imekwisha kulia. Ila useme ametoka wapi."

Nikampiga. Nikaandika jina la mwamba, na kwamba ulifungwa miezi mitatu, na waliofunga ni nani.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye kinaa, atupe riziki ya halali, na atulindie bahari yetu na walio na subira nayo. Wabillahi tawfiq.